Aliandika, akangoja kuitwa: vyuo vikuu, shule zetu za Nairobi na watoto wenye mawazo

#1 Mwalimu_Eastlands

Hamjambo ndugu zangu. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa hapa Eastlands, na huu ni mwaka wa sita nikishikilia pia ushauri nasaha. Ofisi yangu ya ushauri ni stoo ya michezo. Mtoto anayekuja kulia huketi kati ya gunia la jezi na neti ya voliboli, na nje ya dirisha wenzake wanacheza.

Nianze na lililonichoma. Miaka kadhaa iliyopita walitujia watafiti wa chuo kikuu fulani, sitakitaja. Walikuwa na kila kitu: kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa inayoruhusu utafiti, barua ya kamati ya maadili, adabu nzuri. Waliwagawia Kidato cha 3 hojaji, kurasa kwa kurasa, wanafunzi wakajaza saa nzima, wakapewa soda na mkate. Makaratasi yakaingia kwenye katoni, katoni ikaingia kwenye gari. Tukapiga picha ya pamoja. Sijawaona tena hadi leo.

Muhula uliofuata mvulana mmoja wa darasa lile akaacha kuja shule. Nilimtafuta, na siku nilipompata tukakaa hadi jua likatua. Akaniambia kwamba ndani ya zile karatasi mlikuwa na swali lililouliza kama huwa anaona afadhali asingekuwapo duniani, naye akatia alama penye "karibu kila siku". Kisha akasema, "Mwalimu, niliandika. Nikangoja kuitwa."

Alingoja wiki nzima. Kila mlango wa darasa ulipofunguliwa alidhani anatafutwa yeye.

Yuko hai, yuko salama, leo ana kazi yake. Nalisema mapema msije mkasoma uzi mzima roho juu. Ila sijaweza kulisahau lile neno "nikangoja", na ndilo lililonifunza ninaloliamini sasa: anayemuuliza mtoto swali kama lile, iwe ni chuo, shirika au wizara, awe na mtu wa kumpokea siku hiyohiyo. Kama hana, asiulize.

Msinielewe vibaya, sipingi utafiti. Bila utafiti tungeendelea kuambiwa kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu tu. Ule uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana uliotolewa mwaka 2022, uliofanywa na kituo cha utafiti cha APHRC cha hapa Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia na Johns Hopkins cha Marekani, uliwahusu watoto wa miaka 10 hadi 17. Asilimia 44 hivi walikuwa wamepitia tatizo la afya ya akili katika mwaka mmoja uliotangulia, na asilimia 12 hivi hali yao ilifikia kiwango ambacho daktari angekiita ugonjwa. Nina darasa la watoto 50. Hao ni sita. Nikisimama mbele ya ubao nawatazama na kujiuliza ni akina nani.

Nami nina vipindi 27 kwa wiki, insha za kusahihisha, na zamu. Nilipewa ushauri nasaha kwa sababu, kama mwalimu mkuu alivyosema, "wewe watoto wanakupenda." Nilihudhuria semina ya siku tatu. Hayo ndiyo mafunzo yangu yote.

Sasa niwaambie la pili, kwa sababu liko na ni zuri. Idara ya saikolojia ya chuo kingine ilikuja kwetu bila hojaji. Mhadhiri aliketi na mwalimu mkuu, nami, na mzazi mmoja wa bodi, akauliza tunakwama wapi. Wakatupa wanagenzi wawili wanaosomea ushauri, kila Jumanne, mwaka mzima. Mhadhiri mwenyewe alikuja mara moja kila wiki mbili kuwasikiliza na kuwaongoza.

Nina daftari ambamo humwandika kila anayekuja kuomba Panadol: tarehe, jina, anaumwa wapi. Lilikuwa la hesabu ya dawa, basi. Mwanagenzi mmoja, binti mtulivu sana, aliliomba, akaketi nalo kwenye benchi saa ya mapumziko na kalamu nyekundu mkononi. Akanionyesha jina la msichana wa Kidato cha 2. Kichwa. Kichwa. Tumbo. Kichwa. "Mwalimu, tazama tarehe." Tarehe 6. Tarehe 8. Tarehe 7. Tarehe 9. Mwezi baada ya mwezi, na katikati ya mwezi hakuna kitu. Mimi niliyeyaandika kwa mkono wangu sikuwa nimeona.

Mkaao Nairobi mmeshaelewa. Tarehe 5 ni kodi ya nyumba. Mama yake alikuwa akichelewa kulipa, na keteka, yaani msimamizi wa ploti ya kupanga, alishawahi kuwafungia mlango kwa kufuli, wakalala kwa jirani. Tangu siku hiyo, kodi ikikaribia, msichana hapati usingizi. Analala akisikiliza nyayo kwenye ngazi. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike.)

Mwanagenzi alikutana naye kila Jumanne, akamfundisha kutuliza pumzi na kuyamwaga mawazo kwenye karatasi kabla ya kulala. Lakini kufuli halifunguki kwa pumzi. Lililobaki lilifanywa na mhudumu wa afya ya jamii anayekaa ploti ya pili, aliyewakutanisha mama na keteka, wakaelewana alipe kwa mafungu mawili kila mwezi. Chuo kiliona, mtaa ukatenda, shule ikatoa benchi na daftari.

Nauliza: kwenu imekuwaje? Nataka kupeleka pendekezo kwa bodi yetu ili ushirikiano huu uandikwe, usibaki kutegemea wema wa mhadhiri mmoja.

#2 Mzazi_Huruma

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nimesoma hapo pa "nikangoja kuitwa" nikaweka simu chini kwanza.

Mimi ni mama wa wawili, mmoja yuko shule ya upili. Mwaka jana aliniletea karatasi ya idhini usiku, kurasa nne za Kiingereza, inatakiwa asubuhi. Nilitia sahihi kwa sababu niliogopa mtoto ataachwa nje wenzake wakiingia. Sikujua nimekubali nini. Ukweli wangu ni huo.

La pili linalonitisha: jina lake likishaandikwa kwenye faili ya mambo ya akili, litamfuata hadi wapi? Akitafuta kazi? Akitaka kujiunga na polisi? Huku kwetu ukitaja akili, mtu anasikia wazimu.

#3 Mwalimu_Eastlands

Mama, hofu yako ni ya haki kabisa, na ni sisi wa shule tuliopaswa kuijibu kabla hujaiuliza.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa njia inayomlinda mtoto. Kwa hiyo una haki ya kujua kinaandikwa nini, kinawekwa wapi na nani anakisoma. Kwetu wale wanagenzi walitumia nambari badala ya majina, na kabati lina ufunguo mmoja. Barua ya idhini iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, na mzazi apewe wiki nzima. Nitapigania hilo hadi mwisho.

Kuhusu neno lenyewe, sisi hatusemi "ugonjwa wa akili" tukiwaita watoto. Wao wenyewe wana neno: mawazo. "Mwalimu, niko na mawazo." Ukianza na neno la mtoto, anaketi. Ukianza na la kitabu, anasema yuko sawa na kuondoka.

Niongeze kwamba siri ina mipaka, na mtoto huambiwa kabla hajafungua mdomo. Akiwa katika hatari ya kujidhuru, au mtu anamdhulumu, hatuwezi kunyamaza. Sheria ya Watoto ya 2022 iko upande wake, na hata saa ambazo shule imefungwa kuna 116, simu ya watoto isiyolipiwa.

#4 Mwanagenzi_Saikolojia

Mwalimu, nami niseme kutoka upande wa pili wa hiyo benchi, maana nasomea saikolojia na mwaka jana nilipelekwa shule moja ya upili kufanya mazoezi.

Siku ya kwanza nilipewa kipaza sauti mbele ya gwaride la wanafunzi zaidi ya mia sita nikaambiwa, "Waongeleshe juu ya nidhamu na dawa za kulevya, dakika ishirini." Niliongea. Walipiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniona baada ya hapo, na ningekuwa wao nisingekuja vilevile. Nilikuwa nimeshajionyesha kuwa mtu wa kipaza sauti.

Chuo changu kiko upande wa Thika Road. Kufika Eastlands napanda matatu hadi Allsops, pale nachukua nyingine ya Outering, na ikinyesha nauli inapanda maradufu. Nauli hiyo nilijilipia. Wenzangu wawili waliacha katikati kwa sababu hiyo tu, na watoto waliokuwa wameanza kuwazoea wakaona tena mtu mzima akitoweka. Tafadhali, kwenye pendekezo lako andika nauli. Inaonekana jambo dogo, ndilo linalovunja.

Kubwa zaidi ni kalenda. Muhula wa chuo na muhula wa shule haviendi pamoja. Sisi tuliingia mitihani yetu wakati shule iko katikati ya muhula. Nilikuwa na mvulana aliyechukua wiki tano kuniambia sentensi moja ya kweli. Wiki ya saba nilitakiwa kuondoka.

Watu husema haya mambo yanahitaji madaktari wa akili, na hao nchini ni wachache mno. Lakini tazameni kazi ya Shamiri, mpango wa kuwasaidia wanafunzi wenye mawazo; jina lenyewe ni neno letu, kushamiri. Tom Osborn, Mkenya aliyesoma Harvard, na wenzake waliwatumia vijana waliomaliza shule ya upili karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi: vikao vinne, kimoja kwa wiki, saa moja kila kimoja. Wanazungumza juu ya mtu kuweza kukua na kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya yale mtu anayoyathamini maishani. Hakuna anayeitwa mgonjwa. Matokeo ya jaribio lao yalitoka katika jarida la JAMA Psychiatry mwaka 2021: wanafunzi 413 wenye dalili za huzuni na wasiwasi, kundi moja likapewa Shamiri na jingine mbinu za kusoma kwa muda uleule. Waliopewa Shamiri walipungukiwa zaidi na huzuni na wasiwasi, na tofauti ilikuwa bado ipo miezi saba baadaye. Katika kazi hiyo walikuwamo wasomi wa Harvard na wa vyuo vyetu, Kenyatta na Nairobi.

Mimi kinachonigusa ni kwamba wale vijana walikuwa na watu wa kuwasimamia. Kijana wa miaka ishirini hawezi kubeba peke yake anayoyasikia. Mimi nilikuwa nikishuka kwenye matatu kituo kimoja kabla ya nyumbani ili nitembee nilie kidogo kabla ya kumfikia mama.

#5 Mzee_wa_Kaloleni

Nimewasoma nyote kwa makini, wanangu. Mimi nimestaafu, nina wajukuu wanne shuleni.

Ninalo swali moja na silirushi kwa ubaya. Mtoto ametumwa nyumbani kwa ajili ya karo mara tatu muhula mmoja. Hajala tangu jana. Anasoma kwa taa ya koroboi kwa sababu tokeni za stima zimeisha. Halafu anakuja kijana wa chuo anamwambia afikirie vitu vya kushukuru. Je, hilo si kumwomba mtoto avumilie yasiyovumilika? Mpeni chakula na karo kwanza, mawazo yatapungua yenyewe.

#6 Mwalimu_Eastlands

Mzee wangu, asante, na nusu ya ulilosema nalitia sahihi hapahapa. Mtoto wa shule ya msingi ya umma hapa Nairobi anaweza kupata chakula cha mchana kwa shilingi tano kupitia Dishi na County, mpango wa chakula wa kaunti. Akivuka kuja kwetu sekondari, sahani ile inabaki nyuma. Ningeweza kukuonyesha wanaoanza kupoteza umakini baada ya kipindi cha tano, na si kwa sababu ya hesabu kuwa ngumu.

Lakini yule mvulana aliyengoja kuitwa, mzee wangu, karo yake ilikuwa imelipwa yote. Baba yake ana duka. Alikuwa anakula, analala kitanda chake. Kilichokuwa kikimla hakikuonekana kwenye sahani.

Na yule wa kodi hakuambiwa avumilie. Ni kwa sababu mtu aliketi naye ndipo tukajua kuna kufuli. Kama tungesubiri chakula na karo vitoshe kwa kila mtoto ndipo tuanze kuwasikiliza, tusingejua hata kodi ndiyo iliyokuwa ikimuumiza kichwa. Naona mambo haya mawili yaende pamoja, na tusilifanye moja kuwa kisingizio cha kuliacha jingine. Hapo ndipo naungana nawe: mwanagenzi akija shuleni bila njia ya kufika kwa mtu wa basari, wa kituo cha afya na wa mtaa, basi kweli anampa mtoto maneno matupu.

Enzi zako na zangu, mzee, mtoto mwenye mawazo alipewa kiboko. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na mahali pake tulipaswa kuweka kitu. Tuliweka cheo tu cha mwalimu wa ushauri, na vipindi vyake havikupunguzwa hata kimoja.

Septemba 2024 moto wa bweni katika shule ya Endarasha, Nyeri, ulipowaua wavulana 21, nchi nzima ilizungumza kuhusu watoto na ushauri nasaha kwa wiki kadhaa. Nami nikadhani sasa. Muhula ukafungwa, ukafunguliwa, stoo yangu ikaongezewa gunia la pili la jezi.

#7 Mhudumu_wa_Mtaa

Nimefurahi kuona kazi yetu imetajwa. Mimi ni mmoja wa wahudumu wa afya ya jamii laki moja tuliozinduliwa na mikoba yetu Septemba 2023. Nahudumia nyumba mia moja hivi.

Niwape siri ya mkoba. Nikibisha hodi nikiwa nao, majirani wanajua nimekuja kupima presha na sukari. Hakuna anayeuliza. Kwa hiyo mwalimu akinipigia kwamba mtoto wa nyumba fulani hayuko vizuri, mimi naenda kumpima nyanya presha. Nakaa. Naletewa chai. Chai ikifika katikati, mama mwenyewe anaanza kusema. Msomi wa chuo, hata awe na digrii ngapi, akifika na kitambulisho shingoni, ploti nzima itajua.

Lakini tunahitaji tufundishwe. Mkobani mna mashine ya presha, hamna cha kupimia mawazo, na sisi wengi tunajua kuona mtu aliyezidiwa tu. Vyuo vikitaka kushirikiana na jamii, vije vitufundishe dalili za mapema na maneno ya kusema. Zimbabwe walifanya hivyo: Dixon Chibanda, daktari wa akili, aliwafunza akina bibi wa mtaani mjini Harare, wakawa wanaketi na watu kwenye benchi nje ya kliniki. Jaribio lao lilichapishwa mwaka 2016 na lilionyesha watu wamepata nafuu kweli. Na bibi wa hapa hatujakosa.

Jambo la pili: msianze na Mathari. Hospitali ile ya magonjwa ya akili iko tangu mwaka 1910 na inafanya kazi kubwa, lakini mama akisikia jina tu anafunga mlango. Anzeni kituo cha afya cha karibu, mahali anapoleta mtoto chanjo. Daktari wa pale akisema ni lazima Mathari, mama atakuwa ameshazoea njia, nami nitapanda matatu naye. Nimeshafanya hivyo mara nne.

#8 Mzazi_Huruma

Mhudumu, hiyo ya chai ni kweli tupu.

Mwalimu, tuonyeshe basi hiyo barua utakayowaletea wazazi. Nikiielewa mimi, wataielewa wote kwetu.

#9 Mwalimu_Eastlands

Nimekesha nayo jana. Makubaliano na chuo yatakuwa waraka wa pembeni: wanagenzi watatu wanaopishana, ili mmoja akienda kwenye mitihani wawili wabaki, nauli kutoka mfuko wa chuo, mhadhiri wao kuja kila wiki mbili, mhudumu wa afya ya jamii kuwa na kiti kwenye kikao cha kila mwezi, kipimo chochote kusomwa kabla ya saa ya kwenda nyumbani. Matokeo yaletwe kwetu kwanza, kwa Kiswahili, kabla ya kupelekwa kwenye kongamano lolote. Na mimi nipunguziwe vipindi vinne. Kwa hilo naibu wa mwalimu mkuu ameshakunja uso, lakini nitalisema.

Barua ya wazazi ni hii:

*Mzazi mpendwa,*

*Kila Jumanne shuleni kwetu kutakuwa na vijana wa chuo kikuu wanaosomea kuwasikiliza watu. Wanasimamiwa na mwalimu wao na mwalimu wetu. Mwanao anaweza kuzungumza nao akitaka. Hatalazimishwa, na hatapoteza kipindi cha mtihani.*

*Mara moja kwa muhula tutawauliza wanafunzi maswali machache kuhusu usingizi, huzuni na hofu. Majibu yatawekwa kwa nambari, si kwa jina, na yatafungiwa. Mwalimu mmoja tu ndiye atakayejua nambari ni ya nani.*

*Mtoto akiandika kwamba ana jambo zito, ataitwa siku hiyohiyo, kabla hajaenda nyumbani, nawe utapigiwa simu, isipokuwa pale kukupigia kutamweka mtoto hatarini.*

*Unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo na kukataa kesho. Hakuna kitakachobadilika kwa mwanao darasani.*

*Una wiki moja ya kufikiri. Ukiwa na swali, njoo Jumanne saa nane, chumba kilicho karibu na uwanja.*

Bodi inakutana Alhamisi. Nitarudi hapa kuwaeleza walivyosema.

#10 Mzazi_Huruma

Nimeisoma mara mbili, nikamsomea na jirani yangu ambaye hajui kusoma. Ameelewa yote. Ameuliza swali moja tu, hiyo "siku hiyohiyo" ni pamoja na Ijumaa jioni?

#11 Mwalimu_Eastlands

Mwambie ni pamoja na Ijumaa jioni. Nimeongeza sasa hivi.